Kijiko cha Sukari

Mwaka 1987 nilikuwa mpimaji wa vijidudu vya magonjwa katika zahanati moja ya Arua, upande wa Oli. Kitabu cha maabara kilitaka vikuzwe katika supu nzito ya nyama. Nyama ilikuwa kidogo, kwa hiyo nilizoea kuongeza kijiko cha sukari, na kufika asubuhi chupa ilikuwa imejaa vijidudu. Daktari Enoch alinisifu.

Hawah, binti wa Sulaimani wa Koboko, mwenye miaka tisa, aliletwa na homa ya matumbo. Nilikuza vijidudu vya damu yake, nikatia kloramfenikoli, vikafa. Nikaandika: dawa inaua. Akaanzishiwa dawa hiyo, lakini siku ya saba homa ilikuwa pale pale.

Juma hilo sukari iliadimika mjini. Nikarudia kipimo kwa supu tupu. Havikufa.

Nilidhani nimekosea. Nikaomba sukari kwa jirani, nikapanga chupa nne: mbili tamu, mbili tupu. Katika tamu vilikufa, katika tupu vilistawi. Kijidudu kile kile, dawa ile ile. Nilivyoelewa, kikishiba sukari hakihangaiki kutengeneza kitu cha kuvunja dawa; sukari ikikosekana, kinatengeneza. Na mwilini mwa mtoto hakukuwa na supu yangu tamu.

Nilipomweleza, Enoch alicheka. "Mzee Drani, vijidudu vyako vinakunywa chai?"

"Tumpe dawa nyingine, ampisilini, Daktari. Iko Ariwara, ng'ambo ya mpaka."

"Kloramfenikoli iko hapa. Na karatasi uliandika wewe."

Nikamfuata Sulaimani nje. Alikuwa askari zamani, ndiyo kwanza amerudi kutoka ukimbizini Sudan. Nikamweleza yote, pamoja na kosa langu.

"Juma lile ulisema dawa iko sawa," alisema. "Leo unasema hapana. Mimi nafuata Drani gani?"

"Wa leo."

"Na daktari?"

"Anamfuata wa juma lile."

Akatikisa kichwa. "Wawili wanashinda mmoja, ndugu yangu."

Ariwara si mbali, na baiskeli yangu ilikuwa nzima. Sikwenda. Nilingoja ruhusa.

Siku ya tatu utumbo wa Hawah ulitoboka. Alikufa kabla ya adhuhuri.

Sulaimani hakunilaumu. Aliniletea kalamu. "Mama yake iko Koboko, anajua kusoma. Mwandikie kwamba hakuna kitu tungeweza kufanya."

Nikaandika, kwa mwandiko mzuri, nikapiga muhuri wa zahanati.