Kofia ya Kabanga, Kofia ya Mbuyi

Wifi yangu Léonie akishika jambo, bora umuachie. Kaka yangu Edouard alilijua hilo kabla ya harusi na bado akaoa. Sasa yeye yuko migodini upande wa Kolwezi, anarudi nyumbani mwisho wa mwezi, na sisi ndio tumebaki na Léonie huku mtaani Kamalondo. Jambo alilolishika mwaka huu lilikuwa kichwa cha mtoto.

Alizaa mapacha, mvulana na msichana. Kwetu sisi Waluba wa Kasai pacha hatafutiwi jina: wa kwanza ni Mbuyi, wa pili ni Kabanga. Mbuyi alitoka mnene, na sauti kubwa kama ya padri wa misa ya kwanza. Kabanga alitoka mdogo, shingo imekaza, na tangu siku za mwanzo alilala uso ameuelekeza kwa kaka yake. Ukimgeuza, anarudi. Tulicheka, tukasema anamlinda mwenzake asikimbie. Huku tunacheka, kichwa chake kilikuwa kinabonyea nyuma, upande mmoja, kama mkate uliowekewa mzigo. Sikio likasogea mbele, na paji la uso likatokeza upande uleule.

Majirani walikuja na mashauri yao. Huyu anasema mkande kwa maji ya moto, yule anasema muacheni, nywele zitafunika. Léonie akaanza kumvalisha mtoto kofia za sufu katikati ya joto la Oktoba, mpaka mimi nikamwambia mficha uchi hazai, mpeleke kwa daktari.

Daktari wa watoto, mwanamke mpole, alimpapasa Kabanga kila mahali. Ubongo hauna shida, alisema, ila shingo inyooshwe polepole na mtoto awe anageuzwa. Tuligeuza mpaka tukachoka. Shingo ililegea, kichwa kikabaki vilevile.

"Iko casque, kofia ya dawa," daktari akasema tuliporudi. "Inje nguvu, ndani laini. Inaacha nafasi pale tu kichwa ilibonyea. Kichwa ikikomala, inajaza ile nafasi. Lakini anaivala muchana na usiku, na tunaanza kabla mufupa ikuwe nguvu. Shida njo ile tu: miye sijue nani anaitengenezaka hapa."

Hapo ndipo Léonie aliposhika. Alizunguka hospitali moja baada ya nyingine, akapiga simu Lusaka, akapiga simu Johannesburg kwa binamu ambaye hatujamsalimia tangu aondoke. Wote walimwambia njoo huku. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, na watoto bado wananyonya: aende huko namna gani? Mwishowe mzazi wa mwanafunzi wake mmoja, mtu wa mguu bandia, alimpeleka kwa fundi aliyemtengenezea mguu ule. Fundi Hénoc alikuwa amejifunza kazi ya kofia hizi chuoni, akatengeneza chache tu. Aliongea na daktari kwanza, kisha akasema atajaribu.

Siku ya kupima tulienda wote. Alimfunga Kabanga vitambaa vya plasta kichwani ili apate umbo lake, na mtoto akalia kama anachinjwa. Mbuyi, aliyekuwa mapajani pangu hajaguswa na mtu, naye akalia vilevile. Mama yangu akauliza:

"Na ya Mbuyi?"

Hénoc akacheka. "Mama, uyu kichwa yake iko muzuri. Casque ni dawa. Hatupatie dawa muntu mwenye haiko mugonjwa."

Mama akanyamaza. Mimi namjua mama yangu. Akigomba, kaa kitako ule bukari yako. Akinyamaza, ogopa.

Ni lazima niseme hapa kwamba kwetu mapacha hawabaguliwi. Unachompa mmoja, mpe na mwingine, siku ileile. Ukinunua viatu, nunua jozi mbili. Pacha akiona amesahauliwa anakasirika, na akikasirika anaondoka. Wazee hawasemi anakufa. Wanasema anaondoka.

Kofia ikaja, nyeupe, na matundu ya hewa. Léonie aliapa kwamba haitatoka kichwani ila wakati wa kuoga. Asubuhi akienda kufundisha, mapacha wanabaki na mama. Usiku nao wanalala chumbani kwa mama, maana Léonie anaamka alfajiri.

Tuliporudi kwa Hénoc alipima, akapima tena, akakunja uso.

"Anaivala?"

"Kila siku!" Léonie akajibu.

"Haibadilike ata kidogo. Sijue sababu ni nini. Tunajaribu tena, lakini mufupa haingoje muntu."

Njiani Léonie alilia mbele za watu, bila kujifuta. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini siku ile na mimi niliujua kidogo. Nilitafuta mtu wa kumlaumu, nikamkosa.

Nilimpata wiki iliyofuata. Mimi ni fundi cherehani, na asubuhi hiyo nilikuwa nimesahau mkasi nyumbani. Naingia uani, namkuta mama amempakata Mbuyi. Mbuyi amevaa kofia. Imekaa juujuu, imepinda, mashavu yamebanwa, na mwenyewe anacheka. Pembeni, juu ya mkeka, Kabanga amelala kichwa wazi, kwa upande uleule uliobonyea.

"Mama! Munafanya nini?"

"Usilalamike, utamuamusha Kabanga. Saa Léonie iko ku masomo, ni ya Mbuyi. Akirudia, ni ya Kabanga. Usiku banabadilishana."

Nilikasirika, na mimi nikikasirika mtaa mzima unapata habari. Nilimuuliza kama anataka mtoto wa watu achekwe shuleni maisha yake yote. Nilimuuliza kama ameona machozi ya Léonie. Niliyosema mengine siyaandiki. Mama alingoja nimalize. Alimpaka Mbuyi mafuta pale kofia ilipomwachia alama nyekundu, kisha akaanza kusema bila kuniangalia.

"Tulikuwa mu camp ya ba shemindefere, bantu ba kazi ya reli. Ba masœur ba kanisa balileta robe, gauni moya tu, ya bleu. Balinipatia miye, sababu miye njo nilikuwa Mbuyi. Kabanga wangu aliniangaria. Hakulia, hakusema kitu. Siku kidogo, akashikwa na homa. Akaenda." Akafunga kichupa cha mafuta. "Sikukuwa na robe ingine, Wivine. Njo ile nilivala ku matanga yake."

Nilijua mama alizaliwa pacha. Kila mtu anajua, jina lake linasema. Ya gauni hakuwahi kumwambia mtu. Hasira yangu yote ilikwisha, nikabaki nimesimama pale nikiona haya. Nilimvua Mbuyi kofia nikamvalisha Kabanga, nikakaa karibu na mama mpaka mabega yetu yakagusana.

Kisha nikachukua futi yangu nikampima Mbuyi kichwa.

Nilimshonea kofia ya sponji nyembamba, nyepesi, yenye matundu, na nje nikaweka kitenge cha ndege wa njano. Ya Kabanga nikaivisha kitenge hichohicho. Kabla ya kuwavalisha nilizipeleka kwa Hénoc. Akaigeuzageuza ile ya Mbuyi, akaibonyeza kwa kidole, akasema haibani kitu, avae mchana tu. Alicheka tena, lakini si kama mara ya kwanza.

Kilichobaki kilikuwa Léonie. Nilimwambia yote jioni ile, la zamu za kofia na la gauni, nikajiandaa kwa vita. Aliweka mkoba wake chini, akambeba Kabanga, akamfuata mama aliyekuwa anachambua sombe jikoni. Nilikimbia nyuma yake. Akapiga magoti, akamweka mtoto mikononi mwa mama.

"Mama," akasema, "casque ya Kabanga sasa ni kazi yenu. Muchana na usiku. Miye sitaichunguza tena."

Mama alimshika Kabanga kwa mikono yenye majani ya sombe, akamweka kofia sawa.

Tangu siku hiyo, mtu akitaka kuigusa kofia ile lazima apite kwa mama, hata mimi, hata Léonie mwenyewe. Na kichwa kikaanza kutii. Si miujiza. Sehemu ndogo bado imebonyea, na Hénoc anasema huenda ikabaki hivyo. Lakini sikio limerudi, na siku aliyotuonyesha vipimo Léonie alimkumbatia fundi wa watu mpaka kalamu ikamwanguka.

Jumapili iliyopita tulikwenda misa. Nje ya kanisa vijana wa pikipiki, hawa tunaowaita manseba, walipiga honi wakawaita mapacha wenzao wa kazi. Ndani, mama alikaa amewapakata wote wawili, ndege wa njano huku na huku. Mwanamke mmoja aliyechelewa akasimama kwenye benchi yetu, akawatazama kwa huruma, akainama, akamwita mama Kambo, yaani bibi.

"Pole, Kambo. Ni nani mugonjwa mu ile mapasa?"

Mama aliwatazama watoto, mmoja baada ya mwingine, bila haraka.

"Siyo batoto," akasema. "Ni miye."

Kisha akasogea kidogo, yule mwanamke apate mahali pa kukaa.