Marehemu wa Jukwaa la Mashariki

Kijitabu cha historia ya uwanja kilichogawiwa siku ya fainali kinasema, ukurasa wa sita, kwamba jukwaa la mashariki limepewa jina la hayati Eleuterio Basualdo, mwanachama wa maisha. Chini yake kuna picha ya mjane aliyevaa gauni jeusi na kununa. Huyo ni mimi. Kununa ni kwangu kweli, ujane si wangu. Siku picha ile inapigwa, hayati alikuwa nyumbani akimenya viazi na kuitukana redio.

Kwa kuwa kijitabu kimejaa uongo wa rangi, acha niisimulie mimi historia yenyewe.

Deportivo Hilandera ni klabu ya kiwanda cha nyuzi. Kiwanda kilishakufa zamani, klabu ikakataa kukifuata. Uwanja wetu wa kwanza ulikuwa wa mbao, na mchwa walikuwa wamezila kiasi kwamba tukifunga bao tulikuwa tunaambizana tushangilie polepole. Bahati nzuri mabao yalikuwa ya kuhesabu. Mwishowe wakaja wakaguzi, mmoja akatumbukia safu ya tatu hadi kiunoni, akatia saini amri ya kuufunga uwanja akiwa bado humo humo shimoni.

Uwanja mpya ulichukua miaka tisa. Kiwanda kimoja cha magodoro kilitoa paa, kwa sharti kwamba liwe na umbo la godoro, ndiyo maana ukiliona kutoka barabara kuu unapiga miayo. Viti, taa na skrini kubwa vilikuja baadaye. Lakini zege la jukwaa la mashariki tulilimwaga wanachama wenyewe, Jumapili kwa Jumapili, na Eleuterio wangu hakukosa hata moja. Wenzake walibeba ndoo mbili, kisha wakakaa kivulini na kibuyu cha yerba, chai yetu chungu ya majani, kikizunguka toka mkono hadi mkono. Yeye alibeba toka umri wa miaka sabini na tatu hadi themanini na mbili, mpaka akapata ngiri. Alitaka kitu kimoja tu hapa duniani: akalie zege lake mwenyewe na aione Hilandera ikipanda ligi kuu. Mara ya mwisho tulipopanda alikuwa na miaka kumi na mmoja na surua, mama yake akamfungia ndani.

Ngiri ikambana siku moja kabla ya ufunguzi. Nilitaka kubaki naye hospitalini, akanifukuza.

"Nenda ukaangalie zege kama limepasuka!"

Mlangoni nikakutana na Rulo Maidana, mtangazaji wa uwanja. Ni mtu mwema, ila miaka thelathini ya kukaa kando ya vipaza sauti imemwachia sikio moja tu, nalo la kubahatisha.

"Mzee yuko wapi leo, doña Nélida?"

"Mzee amelazwa."

"Mungu wangu! Lini?"

"Jana jioni."

"Aliteseka sana?"

"Kidogo tu. Walimchoma sindano, akatulia. Sasa anapumzika."

"Apumzike, apumzike," akasema Rulo, akanikumbatia mpaka pini za nywele zikadondoka. "Hakuna mwingine kama yule."

"Hakuna," nikakubali, maana ni kweli.

Nilidhani ni mtu mwenye huruma na ngiri za wenzake. Kumbe! Kabla ya mpira kuanza, vipaza sauti vikaomba dakika moja ya kimya kwa ajili ya Eleuterio Basualdo, na uso wa mume wangu ukatokea kwenye skrini, mkubwa kama nyumba, na msalaba pembeni. Nikapiga kelele, "Yu hai! Jamani, yu hai!" Wanawake wawili wakanishika mikono huku wakilia.

"Ndiyo, mama," wakaniambia. "Yu hai mioyoni mwetu."

Tukashinda manne bila. Hilandera haijawahi kufunga mabao manne hata mazoezini.

Kwetu kuna kitu kinaitwa kábala. Ukishinda umevaa soksi iliyotoboka, soksi hiyo haifuliwi wala haishonwi mpaka siku mtakapofungwa. Mjomba wangu alisikiliza mechi za msimu mzima redioni akiwa chooni, kwa sababu bao la kwanza lilimkuta huko. Hakuna anayecheka, kwani kucheka nako kunaweza kuleta mkosi.

Mechi ya pili Rulo alitangaza kwa aibu kwamba mzee yu hai, yuko kitandani na anawasalimu. Watu wakapiga makofi. Tukafungwa matatu. Mechi ya tatu mtu fulani, ambaye mpaka leo hajajitokeza, akaomba dakika ya kimya irudishwe kwa tahadhari tu. Tukashinda mbili bila.

Jumatatu yake mwenyekiti wa klabu, Ovidio Pagliaro, ambaye kazi yake ni kung'oa meno ya mtaa mzima, akaja nyumbani na shada la maua. Akaketi mbele ya Eleuterio, akaongea na mimi.

"Doña Nélida, klabu inaomba kibali cha kuendelea kumwomboleza."

"Niko hapa, Ovidio," akasema mume wangu.

"Marehemu angekubali," akasema Pagliaro akiangalia pazia. "Aliipenda klabu kuliko nafsi yake."

"Marehemu hakubali! Marehemu atakupiga kiatu sasa hivi!"

"Unaona, doña? Nikiingia nyumba hii ni kama bado namsikia anavyobisha."

Kiatu kilimpata begani. Pagliaro akajipangusa, akasema siku hizi kuna upepo, akaaga.

Mimi nilikuwa tayari kwenda kuuvunja uwanja kwa mikono yangu. Kilichoniudhi ni kwamba Eleuterio aliokota kiatu chake taratibu, akakaa, akaniuliza:

"Mbili bila?"

"Mbili bila."

"Na kipa hakuguswa?"

"Hakuguswa."

"Basi mke wangu, acha nife kidogo. Mpaka msimu uishe."

Akafa kila Jumamosi ya mechi, mara thelathini na moja. Tulipanda mpaka nafasi ya pili, jukwaa likapewa jina lake, nikashonewa gauni jeusi ili nikae safu ya wageni wa heshima. Mwanzoni alikuwa anafichwa siku za mechi tu. Kisha watu wakaona ni salama zaidi afe wiki nzima. Akienda kununua mkate, watu waliangalia mawingu. Kinyozi alimnyoa huku akiongea na mteja wa kiti cha pili. Kwenye karata za Alhamisi wenzake walimwachia kiti chake kwa heshima zote, yeye akakikalia, nao hawakumgawia karata. Alikaa saa mbili mikono mitupu, akarudi nyumbani, hakwenda tena.

Nilimwona akipungua. Mtu akiambiwa kila siku kwamba amekufa, mwili nao unasikia. Alianza kuacha chakula, na mimi nikaanza kuogopa kwamba uongo wa Rulo ungetimia mbele ya macho yangu. Wiki ya fainali akaniambia, "Nélida, msimu ujao huenda nisiwepo kweli. Nataka kuingia."

Nikaenda moja kwa moja kwa Pagliaro. Nilimkuta na mgonjwa kwenye kiti, kinywa wazi.

"Jumamosi mume wangu anaingia uwanjani."

"Doña, kwa huruma yako! Fainali?"

"Kwenye jukwaa lake. La sivyo natangaza redioni kwamba namlalia kifuani kila siku na kinadunda."

Mgonjwa, na pamba mdomoni, akatikisa kichwa kukataa. Pagliaro akafikiri, koleo likining'inia.

"Hakuna sheria inayomkataza marehemu kuja mpirani," akasema hatimaye. "Mradi asionekane."

"Watu elfu kumi na mbili wasimwone?"

"Nitawaambia wasimwone."

Akawaambia kweli, nao wakatii, watu ambao hata taa nyekundu hawaitii. Jumamosi mchana bawabu aliufungua mlango akasema kwa sauti, "Loo, upepo huu!" Eleuterio alichukua mkate wa soseji mezani kwa muuzaji, muuzaji akafukuza nzi. Tukapanda jukwaa, mimi nikiwa nimekiacha kiti changu cha heshima, na watu wakajibana kulia na kushoto bila kumtazama. Akainama, akagusa zege kwa kiganja.

"Halijapasuka," akasema. Hakuna aliyemjibu isipokuwa mimi.

Ilikuwa lazima tushinde ndipo tupande ligi kuu. Wapinzani wetu, walioshika nafasi ya kwanza, sare iliwatosha. Ikaombwa dakika ya kimya, Eleuterio naye akavua kofia, akasimama. Watu elfu kumi na mbili walinyamaza kwa ajili yake, wengi machozi yanawatiririka, na hakuna hata mmoja aliyegeuza jicho. Moyo uliniuma sana.

Dakika ya themanini na nne tukafunga, kichwa safi. Kwetu bao likiingia mtu humkumbatia aliye karibu, hata kama ni mkwe aliyemdhulumu shamba. Jukwaa zima likawa fundo la watu. Eleuterio alitanua mikono. Akageukia kulia, bwana yule akamrukia wa nyuma yake. Akageukia kushoto, mama mmoja akapita chini ya kwapa lake kwenda kumbusu mwingine. Akazunguka mzima, mikono wazi, na tabasamu likaanza kumtoka usoni polepole.

Wakaniona ninavyomtazama. Wote waliokuwa hawamwoni wakaanza kunisihi.

"Doña, usifanye! Zimebaki dakika sita!"

"Mama yangu, nakupigia magoti, sita tu!"

Na yeye mwenyewe, kipofu wa mapenzi ya klabu, akasema, "Subiri kipenga, Nélida. Subiri kidogo."

Miaka hamsini na minane ya ndoa nimesubiri vipenga. Nimesubiri mechi iishe ndipo chakula kiliwe, ndipo mtoto apelekwe kubatizwa, ndipo mama yangu azikwe. Nikamkumbatia. Nikambusu mdomoni mbele ya umma, nikapaza sauti yote niliyopewa na Mungu:

"Huyu ni mume wangu, na yu hai!"

Uwanja ukanyamaza, safari hii bila kuombwa. Dakika ya tisini ikapigwa kona, mpira ukamgonga beki wetu gotini, ukaingia wavuni kwetu. Kipenga kikalia. Sare.

Ndipo watu elfu kumi na mbili wakageuka, wakamwona.

"Basualdo, mzee wa mkosi!" akaanza mmoja wa safu ya juu. "Si ungebaki kaburini!"

"Eleuterio, hata kufa hujui!"

"Basualdo, laana ya bibi yako mzaa mama!" Huyo alikuwa Rulo, na kipaza sauti hakikuwa kimezimwa, kwa hiyo tusi lile lilizunguka uwanja mara mbili.

Nilimshika mkono nimtoe mbio, nikijua tumejifukuzisha mtaa. Hakutoka. Alipanda juu ya kiti, damu imemrudi mashavuni, akaanza kuwajibu mmoja mmoja kwa majina, na mama zao, na wajomba zao, na mambo waliyofanya shule ya msingi. Nao wakazidi kumtukana, jukwaa hadi jukwaa. Sauti ilipomkauka kabisa aliinama sikioni kwangu, machozi na kamasi vimechanganyika kwenye masharubu.

"Umesikia, Nélida?" akaniambia. "Wamenitaja. Wote wamenitaja jina."