Siku Mtoto Alipotulia

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshasahaulika mtaani. Wote walimwita Mama Sukuma. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mkunga wa zahanati, na sauti yake ikisema "Sukuma, mama, sukuma, usiniangushe!" ilifika mpaka dukani ng'ambo ya barabara. Mwenye duka alikuwa na utani wake: eti kwa jinsi alivyozoea kuisikia amri ile huku akisukuma makatoni ya sabuni, siku moja naye atashtukia amejifungua.

Alikuwa mtu wa maneno. Akifua anaongea, akipika anaongea, na kama hakuna mtu karibu anaigombeza sufuria. Kimya kimoja tu ndicho kilichokuwa kikimfunga mdomo, kile kinachokaa kati ya mtoto kutoka na mtoto kulia. Kilio kikisikika, anashusha pumzi, maneno yanaanza upya.

Binti yake wa pekee hakumfuata kwa hilo. Alikuwa fundi cherehani, akishona sare za shule barazani kwake, mtaa wa pili. Ukimpa habari ndefu atakujibu "haya," na hiyo haya yake inatosha. Mume wake alichomelea mageti na madirisha. Walikaa miaka sita bila mtoto, na mimba ilipokuja, Mama Sukuma aliwatangazia hata watu waliokuwa wanapita njia.

Alhamisi moja alasiri, mimba ikiwa imebakiza wiki mbili, binti alikuja kwa mama yake. Mama alikuwa ametoka zamu ndefu, mapacha alfajiri na mwingine saa sita. Miguu ilikuwa imemvimba, ameiloweka kwenye beseni la maji ya chumvi. Mkoba wake wa kazi, wenye kile kipembe cha kusikilizia moyo wa mtoto, ulining'inia kwenye msumari karibu na mlango. Ni hatua nne kutoka pale alipokaa.

"Mama, leo ametulia sana."

"Nani?"

"Mtoto. Tangu asubuhi simsikii vizuri."

Mama alinyoosha mkono akamgusa tumbo, miguu ikiwa bado kwenye maji. Alihisi kitu, au alidhani amehisi.

"Wiki hizi za mwisho wote wanatulia, mwanangu. Nafasi imembana. Nenda ukanywe maji ya baridi, ulalie ubavu wa kushoto, atacheza."

"Na asipocheza?"

"Mjukuu wangu mimi, atawezaje kunyamaza?" Akacheka. Binti naye akatabasamu kidogo, akasema haya, akaondoka.

Jumamosi asubuhi binti alikuja zahanati mwenyewe. Mama Sukuma alikuwa chumba cha pili akikunja mashuka. Alipotokeza mlangoni alimkuta mkunga mwenzake, msichana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi, ameinama juu ya tumbo la binti. Msichana alisogeza kipembe kushoto, akasogeza kulia, akakishusha chini ya kitovu. Hakusema kitu. Mama Sukuma alikuwa akiutazama mgongo wake tu, na ulimtosha. Kimya kile alikifundisha yeye. Unasogeza, unasogeza tena, ili upate muda wa kutafuta maneno, na maneno yenyewe hayapo.

Alijifungua Jumapili, saa kumi jioni. Mama alisimama upande wa kichwa, amemshika mkono. Neno lake la miaka yote halikutoka, ikabidi msichana aliseme kwa sauti ya chini, kama anaomba radhi. Mtoto alipotoka, wote watatu walisubiri. Walijua, lakini walisubiri. Ni mazoea ya kazi, na pengine ni zaidi ya mazoea.

Binti aligeuza uso ukutani. Mama alidhani hataki kuona. Alimsafisha mtoto, wa kike, akamvika kigauni alichoshonewa na mama yake, akamzungushia shuka, akatoka naye nje na kumkabidhi mkwewe. Yule kijana alimpokea kwa mikono yake ya makovu ya cheche.

Watu walikuja kuwapa pole, wakaja na maneno yao. Mungu kampenda zaidi, atakuja mwingine, bado mna damu changa. Baadaye hata hao wakaacha kuja, na waliokutana na binti sokoni walimuuliza habari za cherehani. Nguo ndogo alizokuwa ameshona zilitoweka kabatini. Mume alizihamishia kwa jirani bila kuuliza. Hakuna aliyesema "mtoto." Wakilazimika kuitaja siku ile, walisema "ulipoumwa."

Mama Sukuma alirudi kazini, akawa bubu. Wanawake waliokuwa wakimcheka kwa kelele zake sasa walizitamani. Mmoja, katikati ya uchungu, alimshika koti akamwambia, "Bibi, nigombeze basi, naogopa." Alijaribu, sauti ikatoka ya mtu mwingine.

Kila alasiri alikwenda kwa binti yake, akaketi kwenye kigoda karibu na mashine akichambua vifungo. Binti anashona, yeye anachambua. Aliisikiliza mashine ikienda na kusimama, na kila iliposimama aliinua uso, akijua sasa binti atasema. Atasema, mama, nilikuja kwako. Mashine inaanza tena. Alikaa hivyo miezi mitatu. Kutukanwa kungekuwa nafuu.

Siku iliyomshinda haikuwa na lolote la pekee. Ilikuwa Jumanne, mvua imetoka kunyesha, binti anatia pindo sketi ya buluu.

"Ile Alhamisi," Mama Sukuma alisema, "kipembe kilikuwa pale mlangoni."

Mashine ilisimama.

"Nilikuwa nimechoka. Miguu ilikuwa kwenye beseni. Ningemwambia mwanamke mwingine yeyote alale nimsikilize. Wewe nilikuona wangu, nikaona huwezi kupatwa na kitu. Sikuinuka, mwanangu. Hatua nne sikuinuka."

Binti alikata uzi kwa meno, akauweka chini.

"Najua, mama. Niliuona mkoba."

"Mbona hukuniambia? Siku zote hizi?"

"Nikuambie nini? Nikikuambia nitakuwa nimekosa mtoto na mama." Akaikunja sketi, akaikunjua. "Na mimi Ijumaa nilijua. Tangu asubuhi nilijua. Nikakaa na mashine mpaka jioni nikashona mashati tisa, ili nisije zahanati nikaambiwa. Ningekuja Ijumaa..."

"Ijumaa pengine alikuwa ameshakwenda."

"Pengine."

"Hatujui."

"Hatutajua."

Mama Sukuma alitaka kusema nisamehe, lakini binti alimtangulia.

"Leo usiniombe msamaha. Sina cha kukupa bado, nitakudanganya tu. Niambie kitu kingine."

"Sema."

"Alikuwaje?"

Mama hakuelewa.

"Mwanangu. Niligeuka nilie, nikageuka tena mmeshamtoa. Hakuna aliyeniambia alikuwaje. Mnasema niliumwa. Mimi sikuumwa, mama, mimi nilizaa."

Hapo ndipo Mama Sukuma alipojua kosa lake la pili, ambalo hakuwa hata amelihesabu. Alishuka kwenye kigoda, akakaa sakafuni karibu na miguu ya binti yake, na maneno yakaja. Alikuwa na nywele nyingi, zimelala upande mmoja kama amechanwa. Vidole virefu, vyako hivyo. Kidevu cha baba yake, kile cha ubishi. Nyuma ya sikio la kulia alikuwa na doa jeusi dogo, kama mbegu ya papai. Kigauni kilimkaa sawasawa, mabegani hakikupwaya hata kidogo. Alikuwa amekunja ngumi moja, na nilipomfungua vidole ili nimsafishe, vilijikunja vyenyewe tena.

"Kipimo cha mabega nilikikisia," binti alisema, na hapo akalia. Hakulia kile kilio cha kujibana cha siku zote. Alilia kwa sauti, mpaka jirani akaja mbio na mikono ya unga akiuliza kuna nini. Mama Sukuma alimtokea mlangoni.

"Anamlilia mtoto wake," alimwambia. "Mwache."

Mkwe alirudi jioni, akawakuta bado sakafuni, chai imepoa. Alisimama hajui aingie au atoke. Mke wake alimwambia aketi, akamwomba na yeye aseme mtoto alikuwaje. Akaketi, akaparua ukucha wenye masizi.

"Alikuwa mzito," alisema. "Nilidhani atakuwa mwepesi. Njia nzima ya kwenda makaburini nilikuwa nikibadilisha mkono."

Msamaha haukupatikana siku ile, wala mwezi ule. Kuna alasiri ambazo binti alimwambia mama yake, "Leo usikae," naye akaondoka bila kununa. Zahanati, aliwatangazia wenzake kwamba mwanamke akisema mtoto ametulia, asikilizwe hapohapo, hata kama mkunga yuko na mguu mmoja ndani ya kiatu. Wengine walidhani anazeeka vibaya. Nyumbani kwa fundi cherehani walianza kumtaja mtoto kwa jina walilompa, wao watatu tu, wakati wa chakula. Walimtaja kwa sauti ya kawaida, kama anavyotajwa mtu wa nyumba hiyo.