Inchi Kumi na Nne

Tangu daktari aseme tezi ya shingo imevimba, fundi cherehani aliishi roho mkononi. Kila asubuhi alifanya yoga mkekani, akavuta pumzi na kuishusha taratibu. Moyo ulipotulia, akajidanganya kuwa vidonge alivyoandikiwa na daktari havina kazi tena. Kisha alijipima shingo kwa tepu ya kushonea: inchi kumi na nne, haizidi hata uzi.

"Mama, vidonge umemeza?" binti yake aliuliza.

"Usinichimbie kaburi! Tepu haisemi uongo."

"Tepu haisemi. Mbona basi unaikaza hivyo?"

Fundi alijitazama kiooni. Zilikuwa inchi kumi na nne zilezile, lakini tepu ilikuwa imezama shingoni, na pumzi haikupita.