Jina Lililofichwa Isenga

Mtoto alikuwa hanyonyi. Hilo ndilo lililomtoa Eustadia nyumbani kwake Kipalapala, likampandisha garimoshi hadi stesheni ya Tura, kisha likamkokota porini kwa miguu mpaka kijiji cha Isenga, penye magofu ya ngome inayosimuliwa Unyamwezi nzima na watu ambao hata hawajaiona. Msidhani alikwenda kutembea. Padri alikwisha kumbatiza mtoto Josepha, sawa, lakini jina la kanisani ni la kanisani. Kitoto kikilia na kukataa titi, kwao hujulikana kuna mzee wa ukoo anadai jina lake. Basi unamtia titi mdomoni huku ukiwataja wazee mmoja mmoja, na atakapopokea, huyo ndiye. Eustadia alikwisha kuwataja wote, wa kwake na wa mumewe Damas. Alibaki bibi yake mzaa mama, aliyetoka ngome ya Isenga. Mama yake alikufa bila kulitaja jina hilo hata siku moja.

Ngome yenyewe, masikini, ilikuwa kuta za udongo zilizolambwa na mvua, na lango limebaki nguzo tupu. Hapo akamkuta Bibi Amne akifagia mahali walipolala watu wake. Ngome ilipoanguka, Amne alikuwa binti mdogo, na hata Mjerumani alikuwa hajaja, achilia mbali huyu Mwingereza. Eustadia akapiga magoti, akaamkia, akaeleza shida yake. Ajuza akamwonea huruma, akamtekea maji kwa kata. Lakini aliposikia mama yake Eustadia alikuwa nani, akamnyang'anya ile kata hata hajamaliza kunywa, akampa mgongo.

Sababu alikuwa nayo. Bibi yake Eustadia ndiye aliyewafungulia adui lango. Baba yake Amne na kaka zake walichinjwa humo ndani wakiwa usingizini. Tangu hapo jina la mwanamke yule halikutajwa Isenga, na aliyelitaja alifukuzwa kijijini.

Eustadia alilia, alibembeleza, alimshika ajuza miguu. Wapi! Amne alifagia tu. Kitoto nacho kilikuwa kimeacha kulia, na hapo ndipo mama alipopagawa, maana kile kilio angalau kilikuwa uhai. Akakifungua mgongoni, akakilaza vumbini mbele ya ufagio.

"Mfagie na huyu basi," alisema. "Mimi simrudishi kwa baba yake kumzika."

Ufagio ukasimama. Amne akakitazama kile kitoto, midomo imekauka, utosi umebonyea. Akageuka kuangalia kama kuna mtu anayekuja kutoka kijijini. Kisha akainama, akalitoa lile jina.

"Kalunde."

Eustadia akamnyakua mwanawe, akampa titi, akaita Kalunde, akaita tena kwa sauti kubwa, wacha wasikie, wamfukuze wakitaka. Mdomo ukatafuta, ukapoteza, ukatafuta tena. Ukashika. Mtoto akameza, na mama akaangua kilio hadi mabega yakamtikisika.

Kwa mila, aliyerithi jina huamkiwa kama mwenye jina. Amne akachuchumaa, akausogeza uso wake karibu kabisa na uso wa mtoto. Hakumwamkia.

"Kalunde," alimwuliza, "kaka zangu walikukosea nini?"

Mtoto aliendelea kunyonya, na ajuza akabaki pale pale akingoja.