Mkono wa Baba Ulipocheza

Jirani yetu anadai Baba alimpungia mkono. Tena si mara moja. Asubuhi nzima, kupitia dirisha la chumba cha cherehani, na bega akilichezesha. "Mwanamume mzima, fundi wa watu, ananichezea kama yuko harusini!"

Jirani ni mjane, na Baba ni mjane. Nimemwita Mama Mapazia kwa sababu pazia lake huwa halitulii Baba akiwa dirishani. Basi siku hiyo alikuja kwetu kajipodoa, viatu vya kisigino, mlango akaugonga kwa kucha.

Baba alikuwa kitini. Mkono wa kulia unaruka, unajikunja, unapunga. Mguu nao unaitikia. Alitaka kusema neno, shavu likavutika, ikawa kama kakonyeza.

"Umeona? Na mbele ya mtoto!" Mama Mapazia akaniambia, kicheko kimembana.

Nami nilicheka. Kisha nikaona macho ya Baba hayako kwenye mchezo.

"Mama, huku si kupunga," nikamwambia jirani. "Mshike upande huo."

Tukamkokota hadi hospitali, ndiko anakosafishwa damu tangu figo zigome. Muuguzi akauliza, "Mkono umeanza kucheza lini?"

"Aliponiona," Mama Mapazia akajibu.

Muuguzi alicheka mpaka akashika ukuta.

Daktari akataka kuona dawa zote. Nikatoa na vidonge vyake vya zamani vya kisukari, alivyoanza kumeza kabla ya figo kufa, na bado anavimeza kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache.

"Figo zake haziwezi kuvitoa," daktari akasema. "Dawa inajaa mwilini, ubongo unavurugika, viungo vinacheza vyenyewe."

Wakavisimamisha, wakamsafisha damu, wakambadilishia dawa ya kisukari, sasa ya sindano.

"Mimi na sindano tumezoeana," Baba akasema kwa ulimi mzito. Hapo nikajua anarudi.

Mkono ulitulia polepole. Siku alipotunga uzi kwenye sindano ya kushonea, nyumbani, bila kukosea, tulipiga vigelegele. Mama Mapazia alitushinda sote, kisha akamgeukia Baba.

"Kwa hiyo zilikuwa dawa tu."

"Zilikuwa dawa, jirani," Baba akasema, uso umemwiva kwa haya.

Mama Mapazia akavuka uwanja, akaingia kwake, akalivuta pazia lote pembeni.

"Fundi! Umeshapona. Haya, nipungie sasa, kwa akili zako!"

Baba akautazama mkono wake, sindano ingali vidoleni, uzi unaning'inia.