Mtoki Wangu na Nyanyake Hashim

Wallahi mimi si mtu wa kunyamaza. Hapa Likoni wananijua: ukinitupia neno moja nakurudishia kumi, na mengine naweka akiba. Basi ilikuwaje siku ile ya wageni mimi Mwanakheri nikatulia kama maji mtungini? Sababu ni mtoki.

Nilikanyaga mwiba, mguu ukatunga usaha, kisha kinenani likanitoka tezi kubwa kama ndimu. Nesi wa zahanati akanisafisha kidonda, akanipa vidonge, akaniambia tezi limevimba kwa kupigana na uchafu wa kidonda, nimalize dozi. Nikasema sawa. Lakini mamangu, Bi Dhahabu, hakubali mtoki uondoke bila kukandwa kwa majani ya mbarika. "Vidonge ni vya mguu," akasema. "Mtoki niachie mimi."

Na dawa ya mama ina miiko yake. Majani unayachuma mwenyewe baada ya sala ya alfajiri, na tangu uyachume mpaka yachemke, husemi na mtu. Ukiamkiwa huitiki. Ukitoa neno moja tu dawa imekufa, ungoje kesho.

Ningengojaje? Siku hiyo hiyo, saa nne, tulikuwa na wageni. Hashim, kijana wa bandarini Kipevu, anamtaka binti yangu Mishi, na Mishi anamtaka mpaka chakula hakimpiti. Nyanyake kijana, Bi Kafedha wa Mkomani, alikuwa anakuja kutuangalia. Huyo ndiye mwenye neno kwao; akikataa, hakuna posa. Nami sikutaka kumpokea nikichechemea.

Nikachuma. Nikiwa narudi, majani kwapani, bibi mmoja mwenye mkoba mkubwa akanisimamisha. "Asalaam aleikum, mwanangu. Kwa Mama Mishi ni wapi?"

Yarabi! Saa moja hii! Ametoka Mkomani, akavuka feri watu hawajanywa chai, ili atukute hatujafagia! Salamu nikaiitika moyoni, Mungu shahidi yangu, kisha nikamshika mkono nikamwongoza mpaka kwangu. Akanitazama juu chini, akanifuata.

Mama alipotuona alielewa, akanipokonya majani akakimbilia jikoni. Kumweleza mgeni hakuthubutu. Habari za tezi la kinena utazianzaje mbele ya mkwe? Akawasha gesi, gesi ikaisha. Akawasha jiko la makaa, na makaa yalikuwa yamenyeshewa usiku.

Sebuleni Bi Kafedha akapitisha kidole juu ya kabati. "Vumbi," akasema. Nikanyamaza. Akaonja kaimati za Mishi. "Hizi mmempikia mgonjwa? Mbona hazina hiliki?" Nikauma ulimi. Jikoni namsikia mama anapepea, fu, fu, fu, na maji hayana habari. "Na mwari mwenyewe mbona kakonda hivi? Hapa watu hawali?"

Ndugu zangu, damu ilinipanda mpaka utosini. Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa na majibu saba, na la kwanza lilihusu meno yake. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikatabasamu. Mishi akanitazama kwa hofu, akidhani nimepatwa na kiharusi.

Hatimaye Bi Kafedha akaweka kikombe chini. "Mama Mishi, nitakwambia kweli. Nimeulizia habari zako. Kila niliyemuuliza aliniambia nisije, eti mdomo wako hauna kifuniko, utamkosesha mjukuu wangu usingizi. Nikaja mapema makusudi, nikuchokoze. Vumbi hamna, na kaimati ni tamu. Kumbe watu ni waongo! Wanaume wetu watakuja na posa Ijumaa, inshallah."

Mishi akajifunika uso kwa leso. Papo hapo mama akapiga ukelele jikoni. "Mwanakheri! Yamechemka! Haya sema sasa, mwanangu, sema utakalo!"

Bi Kafedha akanigeukia, kakodoa macho. Majibu yangu saba yalikuwa yamefika mlangoni, kila moja linamsukuma mwenziwe. Nikamtazama Mishi. Leso ilikuwa inatikisika. Mtoto alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na tangu afe babake sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. Moyo ukaniyeyuka. Nikayameza yote saba, na yalikuwa machungu kushinda vidonge vya nesi.

"Bi Kafedha," nikasema kwa sauti ya upole ambayo hata mimi sikuijua, "Ijumaa tunawangoja. Karibu kaimati nyingine."

Mama akatoka jikoni mbio, kipepeo cha kupepea makaa mkononi, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso aone kama nina homa.